Kithitu cha pembe ya bucha: kisa cha bendi yetu ya rock hapa Machakos

Wakuu, habari zenu popote mlipo. Waliokula, vizuri. Ambao bado, someni mkingoja sufuria ichemke.

Mimi ni msomaji wa kimya humu kwa miaka mingi. Nacheka na nyuzi zenu halafu napita kama sijaona kitu. Leo nimeamua kulipa deni la kicheko kwa kuandika yangu.

Nitaandika ukweli wote, hata ule unaonifanya nionekane mjinga. Kuna sehemu moja mke wangu mwenyewe ameijua juzi juzi tu.

Hakuna jini hapa, hakuna mganga. Kuna bendi ya rock, pombe nyingi, na pembe moja ya mbuzi.

Niiteni Muli. Ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Machakos. Kabla ya chaki nilikuwa napiga drum.

Ndiyo, rock. Magitaa ya kupiga kelele, nywele, mashati meusi kwa jua la Ukambani. Najua wengine mmeshaanza kucheka. Chekeni, hata mama yangu alicheka.

Tulikuwa wanne.

Mutua aliimba na kupiga gitaa la kwanza. Kwao ni Kola, watu wa shamba, na mama yake ni kiongozi wa jumuiya kanisani, mama ambaye akikohoa watu wanakaa vizuri kwenye benchi. Huyu Mutua alikuwa na sauti ambayo sijawahi kusikia tena kwa mtu ninayemjua. Na alikuwa na sikio. Alikuwa akisikia waya wa gitaa la mwenzake umelegea kabla mwenyewe hajajua.

Kilonzo alipiga gitaa la pili. Mtu wa kucheka kila kitu.

Hamisi alipiga besi. Yeye ni mtoto wa mjini, baba yake ana hoteli ndogo karibu na msikiti, pilau yake ukila Ijumaa unaikumbuka hadi Jumatano. Hamisi hakuwahi kuonja pombe maisha yake yote. Ndiye aliyekuwa akituhesabu tukiingia kwa gari na kutuhesabu tena tukishuka.

Na mimi nyuma, kwa drum.

Bendi tuliiita Mawe ya Iveti, kwa sababu rock ni mwamba na hivi vilima vya Iveti tunaviona kila siku tukiamka. Tuliona ni jina kali sana. Tukafungua ukurasa mtandaoni. Ujumbe wa kwanza kabisa tuliopata ulisema: "Habari. Mko na machine cut? Lori moja mnaleta mpaka Mwala?"

Nawaambia ukweli, kwa mwaka mzima wa kwanza tulikuwa na wateja wengi wa mawe ya kujenga kuliko mashabiki.

Tulifanyia mazoezi kwao Mutua, kwenye nyumba ya kuku. Kuku walikuwa wamehamishwa, harufu ikakataa kuhama. Tulibandika trei za mayai ukutani ili kelele isifike kwa majirani. Mama Mutua alikuwa akituletea uji kwa jagi, anasimama mlangoni, anatuangalia.

"Hii mnaimba ama mnagombana?" anauliza.

"Tunaimba, mwaitu," Mutua anajibu. Mwaitu ni mama, kwa Kikamba.

"Haya. Mkimaliza kuimba mkuje mnywe uji."

Show yetu ya kwanza ilikuwa baa moja pale Kyumbi. Watu walitaka muziki wa benga. Tulipiga wimbo mmoja na nusu, mwenye baa akazima stima. Alituambia jenereta ni mbovu. Tulipotoka nje tulisikia stima imerudi na benga inacheza.

Hamisi ndiye aliyetuokoa. Alisema, "Nyinyi mnaimba Kizungu cha watu ambao hamjawahi kuwaona. Mutua, imba kitu unakijua."

Mutua akaandika wimbo kuhusu kungoja maji kwenye foleni ya mitungi. Aliuita "Kiw'u", ambayo ni maji kwa Kikamba. Mistari ni michache tu, halafu chorus ni hilo neno moja, anapiga mayowe mpaka mishipa ya shingo inasimama.

Wakuu, kama umewahi kupanga foleni ya maji Ukambani huhitaji kufundishwa huo wimbo. Mara ya kwanza tuliupiga mjini, mama mmoja aliyekuwa anauza mahindi nje aliingia ndani na kupiga mayowe pamoja nasi. Mtu akarekodi. Klipu ikatembea.

Ndani ya miezi michache tukaanza kuitwa. Athi River, Syokimau, mpaka Nairobi penyewe. Vijana wa Syokimau hawakujua neno lolote la Kikamba isipokuwa hilo moja, na walilipiga kama wao ndio walikosa maji. "Wasee wa mawe, mmeua!" wanatuambia. Tulijiona tumefika.

Sasa tuingie kwa shida yenyewe.

Tulikuwa na kitu tulichokiita chupa ya bendi. Kabla ya kupanda stejini, mzinga mmoja, ile chupa kubwa ya pombe kali, unazunguka. Kila mtu anapiga funda, ndipo tunapanda. Hamisi alikuwa akiishika tu na kuipitisha. Ilikuwa ni mzaha, halafu ikawa desturi, halafu ikawa sheria.

Mzinga mmoja ukawa miwili. Kabla ya show ikawa pia baada ya show, na siku ambazo hakuna show ikawa ni kwa sababu hakuna show. Mutua ndiye aliyezidi. Alikuwa anasema inafungua koo. Siku moja alianguka kinyumenyume juu ya drum yangu katikati ya wimbo, watu wakapiga makofi wakifikiri ni sehemu ya show.

Siku nyingine tuliazima amp ya kanisa la kina Kilonzo, lile boksi la kukuza sauti ya gitaa, Mutua akaimwagia pombe, ikatoa moshi ikanyamaza. Jumapili iliyofuata tulisimama mbele ya waumini wote kuomba msamaha, tumevaa yale mashati yetu meusi kwa sababu hatukuwa na mengine safi. Mchungaji alitusamehe. Mzee wa kanisa anayesimamia muziki mpaka leo akiniona anavuka barabara.

Nilikuwa nafurahia hayo maisha, nisidanganye. Lakini nilikuwa na woga mmoja uliokuwa unanila. Niliona bendi inaanza kuteleza. Kuna watu wa Nairobi walikuwa wanamwita Mutua pembeni wakimwambia aachane nasi awaimbie wao. Kilonzo alikuwa ameanza kuongea habari za kutafuta kazi EPZ, kwa kiwanda cha nguo, kwa sababu mpenzi wake alikuwa na mimba.

Mimi nikafikiria, hawa watu nitawafunga vipi?

Hapo ndipo nilifanya ule ujinga.

Kwa wasio Wakamba nieleze kidogo. Kithitu ni kiapo. Sio kile cha mkono juu. Ni kitu kinachoshikwa na mzee anayejua, mara nyingi pembe yenye vitu ndani, na ukiapa kwacho ukavunja maneno yako, tumelelewa kujua kwamba hutabaki salama wewe wala nyumba yako. Msomi atakuambia haamini. Mwambie sawa, basi shika. Utaona atakumbuka ana mkutano mahali.

Na tumelelewa kujua jambo lingine: anayeweza kukufungua ni yule aliyekulisha kiapo. Sio mwingine.

Nilienda bucha moja pale Kyumbi nikaomba pembe ya mbuzi. Mwenye bucha hakuuliza hata ni ya nini. Nikaijaza jivu, manyoya ya kuku wa Mama Mutua, na nyaya mbili nilizokata kutoka chini ya snare yangu. Wasiojua, snare ni ile ngoma ndogo inayolia kwa ukali, na chini yake ina nyaya nyembamba zinazotetemeka. Nikafunga mdomo wa pembe kwa mpira mweusi wa tyubu. Nilipomaliza niliiangalia nikaogopa mwenyewe.

Jumapili mchana, baada ya mazoezi, nikaitoa kwa mkoba. Nikawaambia nimepewa na mzee wa ukoo wetu upande wa Kitui. Nikasema tuape, tusiachane.

Hamisi aliiangalia mara moja akaweka besi chini.

"Mimi siapi kwa pembe, Muli. Na wewe usicheze na hiki kitu." Akatoka nje akakaa na kuku.

Kilonzo alicheka, akashika, akarudia maneno niliyomwambia. Mutua hakucheka. Alikuwa amekunywa, lakini aliishika pembe kwa mikono yote miwili. Alirudia neno kwa neno, polepole:

"Nikiacha bendi, ama nikikataa chupa ya wenzangu, mkono wangu usishike kitu tena."

Hayo ya chupa niliyaongeza mimi hapo hapo, kuwachekesha. Hakuna kitu nimejuta maishani kama hayo maneno manne matano.

"Na wewe?" Kilonzo akaniuliza.

"Mwenye kuapisha haapi," nikasema. Nilitunga tu.

Tukarudi kwa chupa. Nilifikiri wamesahau kufikia kesho yake.

(Ngoja kidogo, naitwa mezani.)

Nimerudi. Ilikuwa muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, na haungoji mtu.

Tuendelee. Kitu kimoja tu kilibadilika baada ya siku ile. Mutua alianza kulalamikia snare yangu. "Hiyo kitu inachekacheka," anasema. "Ina kasoro. Ilikuwa sawa, sasa si sawa." Mimi namwambia ni trei za mayai zimeanguka ukutani. Ananiangalia, anatikisa kichwa.

Baada ya miezi kama minne, Kilonzo akapata kazi EPZ. Alituaga vizuri, akanunua soda, akatuambia mtoto atakula nini, magitaa? Aliondoka akicheka kama kawaida.

Wiki ya tatu alianguka na bodaboda pale Kyumbi. Mwenye pikipiki hakuumia. Kilonzo alivunjika kifundo cha mkono. Mkono wa kushoto, ule wa kushika nyaya.

Tulienda kumwona. Yeye anatuchekesha, anasema plasta ni nyepesi kuliko gitaa. Mutua alikuwa anaangalia ile plasta tu. Nilimwona midomo ikitembea bila sauti, na nilijua anarudia maneno gani.

Na mimi nikanyamaza.

Hapo ningesema, mambo yangeishia hapo. Lakini niliona aibu. Nikajiambia ataisahau.

Tangu siku hiyo Mutua hakunywa tena kwa raha. Alikunywa kama mtu anayemeza dawa kwa saa yake. Wale wa Nairobi aliwafungia simu. Show aliimba akiwa mgonjwa, akiwa na homa, hakukosa hata moja. Mashabiki walisema ana moyo. Hamisi alianza kuficha chupa, Mutua anaitafuta hadi anaipata.

Halafu akaanza kutapika damu.

Alilazwa mjini. Daktari alimwambia kwa lugha nyepesi: ini limechoka, na tone lolote ni hatari kwake. Akaruhusiwa kwenda Kola kupumzika. Bendi ikasimama. Nilijiambia angalau sasa ataacha.

Baada ya wiki chache Mama Mutua akanipigia.

"Muli, kuja nyumbani. Si maneno ya simu."

Nilifika Jumamosi, kama saa nne asubuhi. Alikuwa nje ya jikoni anachambua ndengu kwenye ungo. Akanionyesha stuli. Hakuniuliza habari.

Aliniambia alitoa kila chupa kwa lile boma. Aliongea hata na mwenye duka. Lakini kila siku, jua likiwa katikati, Mutua anaenda kwa ile nyumba ya kuku, na akitoka ananuka. Kwa hivyo siku moja alimfuata. Alimkuta amekaa juu ya amp, na kifuniko cha chupa mkononi. Kifuniko tu. Alikuwa amejaza hicho kifuniko, anakunywa, analia.

"Nikamuuliza, mwanangu, kwa nini? Akaniambia ati akikataa kabisa, mkono itakauka kama ya Kilonzo. Ati hiyo kidogo ni ya kiapo." Alikuwa anaongea bila kuinua macho kutoka kwa ndengu. "Sasa Muli. Mimi ni mtu wa kanisa. Hiyo vitu siamini. Lakini mtoto wangu anaamini, na atakufa akiwa anaamini. Huyo mzee wenu wa Kitui anaitwa nani? Nitaenda kwa miguu nikimpata. Akuje amfungue."

Wakuu, nilivuta ile stuli karibu na ungo.

Nikamwambia hakuna mzee.

Nikamwambia yote. Bucha, jivu, manyoya ya kuku wake. Nilikuwa nangoja anirushie ungo.

"Asi," alisema tu kwa sauti ya chini, vile Mkamba husema akishtuka. Akaokota jiwe dogo kutoka kwa ndengu, akalitupa. Akaokota lingine. "Enda umwambie yeye. Mimi si ndiye uliapisha."

Mutua alikuwa kitandani, amevaa sweta na jua lote lile. Alikuwa amekonda hadi nikamwona babu yake kwa uso wake. Nikamwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akatabasamu.

"Mwaitu amekutuma."

"Hapana, ni ukweli."

"Wewe ni rafiki mzuri, Muli. Lakini usidanganye juu ya hiyo kitu, utaumia na wewe. Uliona Kilonzo."

Hakuniamini. Nilikuwa nimedanganya vizuri sana mara ya kwanza, na ukweli ukakosa mahali pa kukaa. Niliapa kwa Mungu, akageukia ukuta. Nilimwambia nitamleta mwenye bucha, akasema mwenye bucha huuza pembe kwa kila mtu. Nikaona huyu mtu atakufa, na nitakuwa nimemuua kwa mzaha.

Ndipo nikakumbuka snare.

Nilimwambia kitu kimoja tu: "Kuja usikie kwa nini ilikuwa inachekacheka."

Hilo lilimfanya ageuke. Tukaenda polepole hadi nyumba ya kuku, amenishika bega. Drum zilikuwa pale zimefunikwa na gunia. Pembe nayo ilikuwa imefichwa kwenye kona juu ya dari, tangu siku ile hakuna aliyethubutu kuigusa.

"Piga," Mutua akasema.

Nikapiga snare mara moja. Alifumba macho.

"Tena."

Nikapiga tena. Akainua vidole viwili, macho bado amefumba. "Imekosa mbili. Upande huu wa mlango."

Nikageuza snare, nikamwonyesha. Nyaya mbili hazikuwepo, upande wa mlango. Halafu nikapanda juu ya amp nikashusha pembe, nikafungua ule mpira wa tyubu mbele yake. Jivu likamwagika, manyoya yakatoka, na nyaya zangu mbili zikaanguka sakafuni. Mutua aliziokota. Akazipima kwenye snare, moja, halafu nyingine. Zilikaa sawa kabisa.

Maneno yangu aliyakataa. Sikio lake hakuweza kulikataa.

Alikaa chini na zile nyaya mkononi. Nilijua atanipiga na nilikuwa nimejipanga kupigwa. Badala yake aliniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Mwenye kuapisha haapi. Hiyo ilikuwa sheria ya nani?"

"Yangu."

"Ulikuwa unaenda wapi, Muli?"

Hii ndiyo ile sehemu niliyowaambia mwanzo.

Siku ile ya kuapa, ndani ya ule mkoba uliobeba pembe kulikuwa na barua. Barua ya kazi ya ualimu, ilikuwa imefika Ijumaa. Nilijua tayari kwamba bendi ikianguka mimi nina pa kwenda. Nilitaka wao wasiondoke, ili mimi niondoke siku nitakayotaka mwenyewe. Ndiyo maana sikushika ile pembe nikaapa. Nilijua ni uongo na bado sikuapa.

Nilimwambia hayo yote. Alitikisa kichwa polepole, kama nimemtajia bei ambayo alikuwa ameshaikisia.

"Ulitufungia ndani, ukakaa mlangoni," alisema.



Mngefikiri yaliishia hapo. Mutua alikuwa ameamini kwamba pembe ni ya bucha. Lakini akasema, "Sawa, pembe ni ya uongo. Maneno je? Si yalitoka kwa mdomo yangu?"

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu saa ngapi. Akaniangalia.

"Uliapisha watu. Basi wewe ndiye mzee. Fungua."

"Mama, mimi sijui—"

"Kufunga ulijua?"

Alileta maji kwa beseni na matawi aliyokata kwa ua. Kikweli ingefaa ng'ondu, ile dawa ya wazee ya kusafisha, lakini alisema hiyo hataiweka kwake. Alisali kwanza, sala ndefu ya jumuiya yenye majina ya watakatifu. Akamaliza kwa kusema, "Baba, unajua vile tumefika hapa. Tusamehe, tunatafuta njia ya kutoka." Halafu akanipa tawi.

Mimi, mtu wa kutunga mambo, sikuweza kutunga kitu. Nikachovya tawi, nikamnyunyizia Mutua mikono yote miwili, nikasema: "Mutua, yale maneno nilikupa mimi, na yalikuwa uongo. Nayachukua. Mkono wako ni wako. Ukiacha bendi ni sawa. Ukikataa chupa ni sawa. Nisamehe."

Mama Mutua alichukua jembe akavunja ile pembe vipande vitatu. Zile nyaya mbili akanipa mimi. "Rudisha pahali ulitoa."

Mutua aliingiza mkono mfukoni, akatoa kile kifuniko cha chupa, akakidondosha kwenye beseni. Kilielea kidogo, kikazama.

"Sasa naweza kuacha bendi?" akaniuliza.

"Unaweza."

"Nimeacha."

Akaingia ndani akalala. Nilienda nyuma ya jikoni nikalia kama mtoto, na Mama Mutua hakuja kunibembeleza. Aliendelea na ndengu zake.

Msinielewe vibaya, hakupona siku hiyo. Mwili una hesabu yake. Alirudi hospitali mara mbili, na kuna siku aliteleza tukaogopa. Lakini kifuniko cha kila siku kiliisha siku ile ile. Alianza kula. Akaanza kumsaidia mama yake kwa shamba, kwanza akiwa amekaa, halafu amesimama.

Kilonzo nilimwendea nikamweleza. Alicheka mpaka akashika ule mkono wake uliopona, halafu akanyamaza, na hakuniongelesha kwa miezi miwili. Ilikuwa haki yake. Hamisi alisema maneno mawili tu: "Nilikuambia." Bado huniambia, hata tukiwa tunaongea habari za mvua.

Mimi niliacha pombe pia. Hakuna aliyeniapisha. Niliona tu kwamba siwezi kushika chupa bila kuona kile kifuniko.

Baada ya karibu mwaka, Hamisi na mimi tulikuwa tunaenda Kola Jumamosi moja moja, kupigapiga tu besi na drum kwa ile nyumba ya kuku. Mama Mutua alituruhusu, sijui kwa nini. Mutua alikuwa akitusikia kutoka shambani, haji.

Jumamosi moja mlango ukafunguliwa. Ni yeye, ana udongo kwa viatu. Mkono mmoja jagi la uji, mwingine gitaa.

Akaona vile tunamwangalia.

"Nilisema nimeacha," alisema. "Sijarudi. Nimekuja tu."

Nikakaa vizuri, nikapiga snare mara moja. Aliinamisha kichwa akasikiliza.

"Sasa iko sawa," akasema, akaanza kukaza nyaya za gitaa.

Huwa anakuja tu. Wiki nyingine haji, na hatumuulizi.

Funzo nililopata ni hili: mtu akitaka kukuacha, muulize anaenda wapi na umsindikize. Usimfunge kwa kitu ambacho wewe mwenyewe umekataa kushika. Na kama kuna uongo wako wa mzaha mtu anatembea nao kama ukweli, inuka uende ukamwambie kabla hujamaliza kusoma comments za huu uzi.

Sasa uwanja ni wenu. Wanaonitukana watukane, nimekuja nimejiandaa. Ila ningependa sana kusikia kutoka kwa wazee na Wakamba wenzangu: yale maneno niliyafungua kweli, ama nilimnyunyizia mtu maji tu?

Na kabla mtu hajauliza: hapana, hatuuzi mawe.